Vipimo Vitano Ambavyo Sikuvipima

Karatasi niliyoichoma moto ilikuwa ya ukurasa mmoja, ina doa la damu kwenye kona, na katikati yake palikuwa na pengo la saa tatu ambamo sikuwa nimeandika chochote. Niliiona kuwa ushahidi wa uzembe wangu. Nilipoteza leseni kwa mwaka mzima, ajira na akiba yote ya nyumbani ndipo nikaelewa kwamba pengo lile ndilo lilikuwa utetezi pekee niliokuwa nao.

Mimi ni muuguzi mkunga, na wakati wa tukio hili nilikuwa kazini kwa miaka tisa. Kituo sitakitaja, wala watu waliohusika, kwa kuwa wengine wana mashauri yao na si kazi yangu kuyasimulia. Shauri langu limekwisha. Ninaandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu na watunza kumbukumbu ambao siku moja wataambiwa "waliweke sawa" faili la mgonjwa, na pia kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa wanaosubiri faili hilo nje ya dirisha.

Ilikuwa zamu ya usiku, Septemba 2023, katika kituo cha afya cha binafsi hapa Tanzania. Mwenzangu wa zamu alikuwa ameomba ruhusa kwa ugonjwa na nafasi yake haikujazwa, hivyo leba ilibaki na mimi na mhudumu mmoja. Saa 2 usiku nilimpokea mama wa mimba ya kwanza, njia ya uzazi ikiwa imefunguka sentimita 5, mapigo ya moyo wa mtoto 142 kwa dakika. Nikamfungulia patografu. Kwa asiyeifahamu, hiyo ni karatasi ya kufuatilia uchungu, ambamo mapigo ya mtoto huandikwa kila nusu saa na kufunguka kwa njia hupimwa kila baada ya saa 4. Ina mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Alama za mama zikivuka mstari wa kwanza, kituo kisicho na chumba cha upasuaji hakina budi kuanza kufikiria rufaa. Zikivuka wa pili, kuchelewa ni hatari tupu.

Hadi saa 5:30 usiku niliandika kila kitu kwa wakati wake. Dakika kumi baadaye mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifungua salama, alianza kutoka damu nyingi. Wakunga wanajua hali hiyo: dripu mbili, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, kuukanda mji huo, kukagua kondo la nyuma kama limetoka lote, na mhudumu akikimbia huku na huko kwa sababu mikono yako haiwezi kutoka pale ilipo. Alipotulia na shinikizo lake la damu likapanda, ilikuwa saa 8:30 usiku. Niliporudi kwa mama wa kwanza, mapigo ya mtoto yalikuwa 96 na njia ilikuwa sentimita 7. Alama ile ilikuwa imeuvuka mstari wa kuchukua hatua. Niliandika barua ya rufaa, muuguzi wa wodi nyingine akamsindikiza kwa gari la wagonjwa, na alipofika hospitali alifanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka amekwisha kufariki.

Jumatatu mchana mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, aliniita ofisini. Patografu ilikuwa mezani.

"Sista, ndugu wameomba faili," alisema. "Hii karatasi haiwezi kutoka ikiwa hivi. Iandike upya vizuri, tusaidiane."

Ninataka msomaji aone kwamba neno "kughushi" halikutamkwa, na sidhani kama huwa linatamkwa popote. Husemwa kusafisha faili, kukamilisha faili, kuliweka sawa. Hakunitisha, na wala hakuhitaji. Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku mbili, nilikuwa nikimwona yule mama kila nikifumba macho, na mtu mwenye cheo alikuwa akinionyesha mlango wa kutokea. Nikachukua fomu mpya.

Kazi ile ilinichukua dakika ishirini, kwa kalamu moja, juu ya meza kavu, chai ikiwa pembeni. Nilinakili yale ya kweli, kisha nikafika kwenye pengo. Vipimo vitano vilikuwa havipo: vya saa 6:00, 6:30, 7:00, 7:30 na 8:00. Niliandika 138, 140, 136, 138, 134, nikizipandisha na kuzishusha kidogo ili zifanane na moyo wa mtoto. Kipimo cha njia ya uzazi cha saa 6 nacho hakikuwepo, kwa hiyo nikakitunga na kuandika sentimita 7. Karatasi ya zamani niliikunja mara nne, nikaitia katika ndoo nyekundu ya taka hatarishi, na jioni ile ikachomwa pamoja na glovu na pamba.

Usiku wa Jumatatu nililala. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli: nilipata nafuu.

Kosa la kwanza nililolifanya, ukiacha lile kubwa lenyewe, lilikuwa kudhani kwamba faili la mgonjwa ni karatasi moja. Usiku ule ulikuwa umeandikwa mahali pengi. Kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, namba 12 cha wodi ya wazazi kilikuwa na mama aliyetoka damu, pamoja na saa aliyojifungua. Daftari la ripoti ya zamu lilieleza kwa mwandiko wangu kwamba kuanzia saa 5:40 hadi saa 8:30 usiku nilikuwa kitanda cha pili bila kuondoka. Kadi ya dawa ilikuwa na muda wa kila dripu. Na hospitali iliyompokea mama ilikuwa na barua yangu ya rufaa, niliyoiandika saa 8:50 usiku huku mikono ikitetemeka, yenye sentensi ambayo kwa uchovu nilikuwa nimeisahau kabisa: mapigo ya mtoto hayakupimwa kuanzia saa 5:30 hadi 8:30 kwa sababu ya dharura ya mama mwingine, mkunga ni mmoja.

Nilikuwa nimekwisha kusema kweli, kwa maandishi, na kuitia sahihi. Kisha nikajipinga mwenyewe.

Ndugu wa mama hawakuwa wanasheria. Wifi yake alikuwa anasoma ufamasia, naye aliomba nakala ya faili kwetu na nakala ya faili kule alikopelekwa, akaziweka sambamba mezani. Hicho ndicho ninachomshauri kila ndugu wa mgonjwa aliyepewa rufaa: omba pande zote mbili, omba kwa maandishi, omba mapema, na barua ya rufaa usiiache. Taarifa za afya za mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa haki ya kuzipata. Hahitaji kuomba kama anayeomba fadhila.

Novemba malalamiko yalifika kwenye baraza letu la taaluma. Januari 2024 nilipigiwa simu na polisi.

Nilikwenda peke yangu. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilinigharimu zaidi kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mimi nilidhani kwamba kuja na wakili ni sawa na kukiri. Askari aliyenihoji alikuwa mpole, alinisomea onyo, akaniuliza kama vipimo vile niliviandika kwa wakati wake. Nikasema ndiyo. Maelezo yakaandikwa, nikayasaini. Kisha akatoa nakala ya barua ya rufaa, akaiweka mbele yangu bila kusema neno. Kuanzia dakika ile, uongo wangu haukuwa tena wa kwenye patografu tu, ulikuwa pia katika jalada la polisi. Nilipata dhamana jioni, mume wangu akiwa mdhamini, na kwa miezi iliyofuata nikawa naripoti kituoni kila Jumatatu. Waliniandikisha pia kurasa kadhaa za mwandiko wangu kwa ajili ya ulinganisho, maneno yale yale na tarakimu zile zile, hadi kidole kikafa ganzi.

Wakili nilimpata wiki iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole, na katika kikao chetu cha kwanza ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kile ambacho shule ya uuguzi ilinifundisha kwa sentensi moja tu, kwamba "kumbukumbu ni hati ya kisheria". Nitayaeleza aliyoniambia kwa lugha yangu.

Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333 kinaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Nilimwambia kwamba sikupata hata shilingi moja. Akaniambia nisome tena neno la mwisho: kudanganya kunatosha, na mtu hahitaji kuwa amefaidika kwa fedha. Adhabu ya jumla, iliyo katika kifungu cha 337, ni kifungo cha miaka saba. Kifungu cha 342 kinamhusu anayeitoa au kuitumia hati hiyo huku akijua kuwa ni ya uongo, na adhabu yake ni sawa na ya aliyeighushi, maana yake kwamba aliyeikabidhi kwa ndugu hayuko salama kuliko aliyeiandika. Kuiharibu ile ya kwanza ni jambo jingine kabisa: kifungu cha 109 kinamgusa anayeharibu kwa makusudi hati akijua kwamba inahitajika au huenda ikahitajika kuwa ushahidi katika shauri, na kosa la namna hiyo laweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka miwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo, ambayo wengi tunaichukulia kuwa ya makampuni ya simu, ina kifungu kinachowahusu wanaofuta, kuharibu, kuficha au kubadili taarifa binafsi kinyume cha sheria: faini ya kati ya shilingi 100,000 na shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili.

"Na kama ungekuwa umefanya kwenye kompyuta," aliongeza, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kosa la kughushi kwa kutumia kompyuta, na pale adhabu haisemi "isiyozidi", inasema "isiyopungua": faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Wenzangu ambao vituo vyao vimeacha karatasi wasidhani kwamba kitufe cha kufuta ni kichomea taka. Mifumo mingi huhifadhi jina la aliyeingia na saa aliyobadilisha. Nchini Uingereza, daktari Harold Shipman, aliyetiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuwaua wagonjwa 15, alikuwa akiingiza dalili za uongo katika kumbukumbu za kompyuta na kuzipa tarehe za nyuma, na kompyuta ile ile ikaonyesha saa halisi aliyoziandika. Kesi yangu na yake hazifanani hata kidogo, ila niliposoma habari hiyo usiku mmoja nilipokuwa sina kazi, nilihisi baridi mgongoni.

Machi niliitwa mbele ya kamati ya taaluma. Wakili alikuwa amenishauri niandike maelezo mapya, ya kweli, na kuyawasilisha kabla sijaulizwa. Niliyaandika usiku mzima. Nilidhani kwamba jambo gumu zaidi lingekuwa kukiri, kumbe lilikuwa swali la mjumbe mmoja, mkunga mzee mwenye miwani, aliyeitazama patografu yangu ya uongo kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hapa umeandika kwamba saa 6 usiku mama alikuwa sentimita 7. Alikuja akiwa 5 saa 2. Alikwisha kuuvuka mstari wa tahadhari. Kwa nini ulisubiri hadi saa 8:30?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa kipimo chenyewe hakikuwepo. Ili kulifunika pengo, nilikuwa nimejitungia ushahidi kwamba niliona hatari na nikakaa kimya kwa saa mbili na nusu. Patografu ya kweli ingeonyesha mkunga mmoja kati ya akina mama wawili, na nyuma yake ratiba ya zamu yenye jina moja mahali palipotakiwa majina mawili. Ingemlazimisha mtu mwingine kueleza kwa nini nafasi ile haikujazwa. Ile ya uongo ilimwondolea kila mtu swali isipokuwa mimi. Sijawahi kumwuliza mganga mfawidhi kama aliliona hilo siku ile ya Jumatatu, na sitamwuliza.

Kamati ilinisimamishia leseni kwa miezi 12. Mwajiri aliniachisha kazi mwezi huo huo. Mei nilisomewa mashtaka katika mahakama ya wilaya, nikakiri la kughushi, na Agosti mahakama, kwa kuzingatia kwamba lilikuwa kosa la kwanza na kwamba nilikiri, iliniachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12. Mtu asiisome sentensi hii akajipa moyo. Chumba cha mahakama siku ile kilikuwa na mtu mwingine wa kughushi, wa hati ya kiwanja, ambaye hakurudi nyumbani.

Gharama nazitaja kwa sababu watu huuliza kwa kunong'ona. Wakili nilimlipa shilingi 2,500,000 kwa awamu nne, na alinihurumia. Nauli na malazi ya safari za kamati vilikaribia 600,000. Kiwanja ambacho mimi na mume wangu tulikuwa tumekilipia nusu kilirudi kwa mwenyewe. Kwa mwaka mmoja nilikaanga maandazi alfajiri, na baadhi ya wateja wangu walikuwa wanawake niliowazalisha. Yapo yasiyohesabika: mama yangu mzazi aliacha kwenda jumuiya kwa miezi mitatu, asije akaulizwa habari zangu.

Baada ya hukumu niliomba, kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa wao, kuonana na yule mama. Alinikubalia, jambo ambalo sikulitarajia. Tulikaa barazani, mama mkwe wake akiwa karibu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi na nikayasema, naye akayasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Dada, mwanangu alinyamaza saa ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Na zile namba ulizoandika?"

"Nilizitoa kichwani."

Alizikariri zote tano kwa mpangilio wake, 138, 140, 136, 138, 134. Alikuwa amezisoma mara nyingi sana, akitafuta ndani yake dakika ambayo moyo ulianza kuchoka. Mama mkwe alinyanyuka akaingia ndani. Sikumbuki niliagaje.

Kwa aliye mahali nilipokuwa Jumatatu ile, haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lililokuwepo liendelee kusomeka, andika lililo sahihi kando yake, weka tarehe, saa na sahihi. Usifute, usipake dawa nyeupe ya kufutia maandishi, usichane. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike kuwa ni maelezo yaliyochelewa, ukionyesha saa lilipotokea na saa unapoliandika, na liwe jambo ulilolifanya kweli. Ukiambiwa uandike upya, omba agizo hilo kwa maandishi, kwa adabu, "ili nisikosee maelekezo yako, daktari". Nimekwisha kusikia kutoka kwa wenzangu wawili kwamba agizo liliyeyuka hapo hapo. Andika maelezo yako ya tukio mapema, yape tarehe, mkabidhi msimamizi na ubaki na nakala ya maelezo yako, lakini faili lenyewe usilitoe nje ya kituo, maana hilo nalo lina kesi yake. Zungumza na chama chako cha wafanyakazi au cha taaluma kabla hujazungumza na mtu mwingine yeyote. Na ukiitwa polisi, usiende peke yako.

Leseni ilirudi mwaka 2025. Kituo kilichonipokea kilijua kila kitu, kwa kuwa niliwaeleza kabla hawajauliza. Wiki ya tatu ya zamu za usiku tulikuwa wakunga wawili kwa akina mama watano, na wawili kati yao walifika kusukuma kwa wakati mmoja. Nilipolirudia faili la mama wa kitanda namba 4, kisanduku cha saa 9:30 usiku kilikuwa kitupu. Mapigo ya mtoto yalikuwa 144, mazuri kabisa, na ilikuwa saa 10:05. Mkono ulisita juu ya kile kisanduku. Kisha nikaandika pembeni yake: "Saa 9:30 hayakupimwa, wakunga wote wawili walikuwa wakizalisha vitanda namba 1 na 3." Nikaweka saa 10:05, nikatia sahihi, nikaenda kunawa mikono.